Mparachichi wa Nyumbani Unapougua: Kutoka Dalili hadi Chanzo, Kisumu na Nakuru

Jani la manjano kwenye mparachichi wa Nyamasaria, Kisumu, na jani la manjano kwenye mparachichi wa Kiamunyi, Nakuru, yanaweza kufanana kabisa, lakini la kwanza huenda limesababishwa na maji yaliyotuama kwenye mizizi, na la pili likasababishwa na chumvi ya maji ya kisima au saruji iliyofukiwa nyumba ilipokuwa ikijengwa. Mwenye mti akiliona jani hilo, mara nyingi huenda agroveti, akanunua dawa ya wadudu na kuipulizia mara mbili au tatu, huku mti ukizidi kudhoofika kwa sababu hakuna mdudu aliyehusika. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanza na udongo na mizizi, halafu shina, na mwishowe majani, maua na matunda, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo ya mti huu yanayoonekana juu huwa yameanzia chini.

Mahali nako kuna uzito wake. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya uwanda wa Kano ina udongo mweusi mzito unaonata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa jua linapowaka. Nakuru iko takribani mita 1,850, usiku wake ni wa baridi, na udongo wake mwingi umetokana na majivu ya volkeno, kwa hiyo ni mwepesi na hupitisha maji upesi. Kakamega na Vihiga zina mvua nyingi na udongo mwekundu wenye tindikali. Ndiyo sababu tiba iliyomfaa ndugu yako wa Kakamega inaweza kuuharibu mti wako wa Nakuru. Mfano mzuri ni jivu la jikoni: kwenye udongo wenye tindikali hupunguza ukali wake na kuuongezea mti potasiamu, lakini kwenye udongo ambao tayari una magadi huzidisha tatizo lilelile unalotaka kuliondoa.

Anza kwa kuchimba

Kabla ya kuamua lolote, chukua jembe dogo, uende kwenye ukingo wa kivuli cha mti na si karibu na shina, uondoe majani makavu yaliyofunika ardhi na ufukue taratibu kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Mizizi inayonyonya chakula cha mparachichi iko juu juu, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za kwanza, na haina vinyweleo vingi kama ile ya mimea mingine. Ndiyo maana mti huu huumia upesi ardhi inapokosa hewa au inapokauka. Mizizi midogo iliyo hai ina rangi ya maziwa na ni imara mkononi. Mizizi iliyooza huwa myeusi, hukatika ovyo, na ganda lake huvuka likaacha kiini chembamba kama uzi. Usipoona mizizi midogo hata kidogo mahali ambapo mti ni mkubwa, hiyo pia ni dalili, tena nzito.

Nusa udongo ulioutoa. Ukitoa harufu ya tope la bwawa, haupati hewa. Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 30 hivi mahali pa wazi karibu na mti, ulijaze maji, uyaache yazame, ulijaze mara ya pili jioni. Ukiyakuta maji hayo asubuhi, ardhi yako haipitishi maji, na kabla hujalishughulikia hilo, hakuna mbolea wala dawa itakayousaidia mti. Mwishowe tazama shina: je, kiungo cha mche uliopandikizwa, yaani mahali ambapo tawi la Hass au Fuerte, aina mbili za parachichi la biashara, liliungwa juu ya shina la mti wa kienyeji, bado kinaonekana juu ya udongo, au kimefukiwa? Je, kuna tope la mchwa, ute uliokauka, au unga mweupe kama sukari kwenye gome? Mparachichi uliojeruhiwa hutoa utomvu wenye sukari unaokauka na kuwa unga huo, kwa hiyo palipo na unga mweupe pana jeraha au ugonjwa chini ya gome.

Majani yamepauka na kulegea ilhali udongo umelowa

Hii ndiyo dalili inayopaswa kumtia mtu wasiwasi kuliko zote. Majani mapya huwa madogo, ya kijani kilichopauka, na huning'inia kana kwamba mti una kiu, ingawa ukigusa udongo unaukuta umelowa. Matawi ya juu hukauka kuanzia nchani, kivuli cha mti huwa chepesi hadi jua likapenya, na wakati mwingine mti huo dhaifu huzaa matunda mengi madogo mwaka mmoja, kisha ukafa. Chanzo cha kawaida ni kuoza kwa mizizi kunakosababishwa na kimelea kinachoitwa Phytophthora cinnamomi, ambacho huishi udongoni na kutoa mbegu ndogo mno zinazoogelea katika maji. Udongo ukijaa maji kwa muda, mbegu hizo huifikia mizizi midogo na kuiua, na mti ukabaki na kiu katikati ya maji.

Kosa linalofuata ni la huruma: mwenye mti anaona majani yamelegea, anaongeza maji, na kila mtungi anaoumwaga unakisaidia kimelea. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimamisha umwagiliaji hadi sentimita za juu za udongo zianze kukauka. Hatua ya pili ni kuyaondoa maji kwa mfereji unaopita upande wa juu wa mti na kuyapeleka mbali, na kuhakikisha kwamba mabati ya nyumba, bomba la kuogea au karo la jikoni halimwagi maji hapo. Hatua ya tatu ni kutandaza matandazo makavu na mazito, unene wa sentimita 10 au zaidi, kutoka ukingo wa kivuli kuelekea ndani, ukiacha nafasi ya sentimita 20 kuzunguka shina. Karibu na Kibos, Chemelil na Muhoroni, makapi ya miwa hupatikana na yanafaa yakishaoza kiasi. Njoro na Rongai kuna majani makavu ya ngano. Kakamega na Bungoma kuna mabua ya mahindi. Matandazo yanayooza hulisha vijidudu vya udongoni vinavyoshindana na kimelea, na mizizi mipya huota ndani yake ambako hewa ipo.

Kuna dawa zenye fosfonati ya potasiamu ambazo husaidia sana mti ambao bado una nguvu, kwa kupuliziwa kwenye majani yaliyokomaa au kudungwa kwenye shina, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Dawa hizo huusaidia mti kujikinga na kukizuia kimelea kisienee. Hazikifuti udongoni, na hazifanyi kazi mahali ambapo maji bado yametuama. Ikiwa matawi ya juu yamekufa, yakate hadi kwenye mbao hai, kisha uyapake chokaa iliyochanganywa na maji matawi na shina lililobaki wazi, kwa maana jua la Kisumu huunguza gome ambalo lilizoea kivuli.

Kwa anayepanda upya katika uwanda wa Kano, au katika mitaa iliyo karibu na ziwa ambako mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango cha juu kuliko kile cha 1964, sishauri kabisa shimo la kawaida la futi mbili kwa mbili lililojazwa udongo mzuri na samadi. Katika udongo mzito shimo kama hilo huwa beseni, maji ya kila upande yakaingia humo na kukosa pa kutokea. Jenga tuta pana la kimo cha nusu mita hadi mita moja, upana wa mita mbili au zaidi, upande juu yake. Ni kazi ya siku nzima, lakini ndiyo tofauti kati ya mti wa miaka 30 na mti wa miaka mitatu.

Majani ya manjano

Swali la kwanza ni jani gani limekuwa la manjano. Yakiwa ya zamani, yale ya chini na ya ndani, na jani lote likawa la manjano sawasawa pamoja na mishipa yake, mti unakosa naitrojeni. Samadi iliyooza vizuri, ikitawanywa juu ya ardhi na kufunikwa na matandazo, hulirekebisha hilo polepole. Ikiwa majani machanga ndiyo ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, tatizo ni madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni lakini mti hauwezi kukichukua kwa sababu udongo una chokaa au magadi mengi, au umejaa maji. Majani machanga yakiwa na mabaka ya manjano na pia yakawa madogo, membamba na yaliyosongamana kwenye ncha ya tawi, mti unakosa zinki. Matunda yake nayo huelekea kuwa ya mviringo kuliko kawaida ya aina hiyo.

Katika ploti za futi 50 kwa 100 zilizojengwa karibuni, Nakuru na hata Kisumu, chanzo cha majani machanga ya manjano mara nyingi ni fundi mwashi. Mabaki ya saruji, chokaa na plasta hufukiwa pale pale yalipochanganyiwa, na mwaka unaofuata mwenye nyumba anapanda mti juu yake kwa sababu hapo ndipo penye nafasi. Fukua uone. Ukikuta vipande vyeupe na kokoto zilizoshikana, viondoe kadiri uwezavyo na uweke mboji mahali pake. Mche mdogo uhamishe kabisa. Mbolea ya chuma au zinki ya kupulizia majani hurudisha rangi kwa msimu mmoja, na inafaa huku udongo ukirekebishwa, ila haiwezi kuchukua nafasi ya marekebisho hayo.

Katika Vihiga, Kakamega na sehemu za Kisii hali ni kinyume: udongo una tindikali, na mti hudumaa kwa kukosa fosforasi na kalsiamu. Hapo chokaa ya kilimo ina kazi, lakini baada ya udongo kupimwa. Maabara za Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, hupima, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukueleza namna ya kuchukua sampuli. Gharama ya kupima ni ndogo ukiilinganisha na miaka ya kungojea mti usiozaa.

Ncha na kingo za majani zimeungua

Jani la zamani linaanza kuwa la kahawia nchani, kisha rangi hiyo ikashuka kando kando hadi nusu ya jani, na mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai huwa wazi. Mparachichi huvumilia chumvi kidogo kuliko miti mingi ya matunda, hasa kloridi na sodiamu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, ikiwemo Nakuru, yana sodiamu na floridi kwa wingi, na yakimwagiwa kidogo kidogo kila siku, jua huyakausha na kuiacha chumvi juu ya mizizi. Kwa hiyo mwagilia mara chache lakini kwa wingi, ili maji yashuke na chumvi. Katika udongo wa volkeno jambo hilo ni rahisi. Bora zaidi, weka tangi la maji ya mvua kutoka kwenye mabati na uyatunze kwa ajili ya mti wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Machi. Usimwage maji ya kufulia hapo.

Dalili hiyo hiyo ikitokea wiki chache baada ya kuweka samadi mbichi ya kuku au konzi kadhaa za mbolea ya dukani karibu na shina, huhitaji kutafuta zaidi. Iondoe, umwagilie kwa wingi, na ungoje majani mapya.

Mche unaokauka ghafla au kulala ubavu

Mche uliokuwa mzuri Jumatatu na ukanyauka wote Ijumaa, ukiushika na kuuvuta ukatoka bila upinzani, umekatwa mizizi na fuko. Mnyama huyu ni tatizo kubwa kwenye nyanda za juu za Nakuru, Nandi na Kisii, na vilima vidogo vya udongo mbichi karibu na mti humfichua. Mtego uliowekwa ndani ya njia yake ndio hufanya kazi. Wanaopanda mahali penye fuko wengi huzungushia shimo wavu wa waya kabla ya kupanda, nami naona hilo ni jambo la busara.

Mchwa huacha ushahidi mwingine: njia za tope juu ya shina, na gome lililoliwa chini yake. Hupendelea mti ambao tayari una kiu au jeraha, na hufuata matandazo yaliyorundikwa hadi kwenye shina. Sogeza matandazo, vunja njia zao za tope, mwagilia mti, na utafute kichuguu kilipo. Mche uliopandwa ukiwa na kiungo chini ya udongo nao hukauka polepole au huoza gome; fukua udongo hadi kiungo kionekane wazi.

Unachanua sana lakini hauzai

Malalamiko haya ndiyo mengi zaidi, na kabla ya kuyajibu inafaa kujua maua yenyewe yanavyofanya kazi. Mti mkubwa wa mparachichi hutoa maua laki kadhaa, na katika hali nzuri kabisa ni chini ya tunda moja litakalobaki kwa kila maua mia. Ardhi iliyofunikwa na maua yaliyoanguka si ugonjwa. Tatizo lipo pale ambapo wiki nane baada ya kuchanua hakuna tunda hata moja.

Ua moja hufunguka mara mbili kwa siku mbili. Mara ya kwanza sehemu ya kike ndiyo iko tayari kupokea chavua. Kisha ua hujifunga, na siku inayofuata hufunguka tena likitoa chavua. Aina zote zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi A, ambamo Hass imo, hufungua maua ya kike asubuhi, na hayo hayo huwa ya kiume alasiri ya siku ya pili. Kundi B, ambamo Fuerte imo, hufungua maua ya kike alasiri na kuyafungua kama ya kiume asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo asubuhi Hass inapongoja chavua, Fuerte inaitoa, na alasiri mambo hubadilishana. Mti mmoja peke yake unaweza kuzaa, kwa kuwa hali ya hewa huvuruga saa hizo na maua ya hatua zote mbili yakakutana, lakini mazao huwa machache na ya kubahatisha.

Ikiwa una Hass moja, tazama kwanza majirani. Mti wa Fuerte ulio ng'ambo ya ua wa michongoma unatosha, kwa sababu nyuki huvuka. Kama hakuna, na ploti yako haina nafasi ya mti wa pili, mwombe fundi wa kitalu aunge tawi moja la Fuerte juu ya Hass yako. Naona hii ndiyo njia bora kwa nyumba za mjini, na inasikitisha kwamba vitalu vichache huwaeleza wanunuzi habari hiyo wanapowauzia mche mmoja.

Kisha uliza kuhusu nyuki wenyewe. Dawa ya wadudu ikipuliziwa mchana wakati wa maua, iwe kwenye mti huu au kwenye sukuma wiki iliyo chini yake, huwaua wanaoufanyia kazi. Ikibidi kupulizia, ngoja jioni nyuki wakiwa wamerudi. Kuweka mzinga mmoja pembeni mwa ploti ni msaada mkubwa, mahali ambapo majirani wanakubali.

Baridi ni chanzo cha tatu, na hiki ni cha Nakuru zaidi ya Kisumu. Usiku ukiwa wa nyuzi 10 au chini yake, kama inavyotokea mara nyingi Njoro, Molo na Mau Narok, maua huchelewa kufunguka, hatua ya kike huweza kurukwa, na nyuki hawatoki mapema. Matokeo yake hujulikana kwa dalili ya pekee: vitunda vyembamba, virefu, visivyo na kokwa, mfano wa matango madogo, vikining'inia kwenye mti. Fuerte ndiyo hufanya hivyo zaidi. Vitunda hivyo vinalika, na havionyeshi ugonjwa wowote; vinaonyesha kwamba uchavushaji haukukamilika kwa sababu ya baridi. Huwezi kubadilisha hali ya hewa, lakini unaweza kupanda upande wa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, na mbali na bonde ambako hewa baridi hukusanyika usiku. Kisumu kuna tatizo la upande wa pili: siku za joto kali na upepo mkavu hukausha maua na vitunda vichanga, na maji ya kutosha wakati huo ndiyo kinga.

Haujawahi kuchanua

Mti ulioota kwa kokwa unaweza kukaa miaka saba, hata zaidi ya kumi, kabla ya kuchanua, na hakuna mbolea inayofupisha muda huo kwa uhakika. Uliopandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kama ulinunua mche uliopandikizwa na miaka hiyo imepita, tazama kama matawi uliyo nayo yameota chini ya kiungo. Hutokea mara nyingi kwamba sehemu ya juu ilikufa wakati wa kiangazi, shina la kienyeji likachipua, na mwenye mti akafurahi kuona umefufuka bila kujua kwamba Hass aliyoinunua haipo tena. Shina hilo bado ni zima. Fundi anaweza kuliunga upya.

Mti wenye majani mengi ya kijani kizito na matawi yanayorefuka bila kuchanua huwa umepewa naitrojeni nyingi, kwa kawaida samadi ya kuku, au uko kivulini. Na mti uliozaa kupita kiasi mwaka jana hupumzika mwaka huu. Kupunguza vitunda vingine vikiwa vidogo katika mwaka wa neema husawazisha mambo.

Siku hizi pia inafaa kuinua macho hadi juu kabisa. Tawi lenye majani yasiyofanana na mengine, mara nyingi na maua mekundu au ya njano, ni mmea kimelea ambao ndege huuleta kwa mbegu zenye gundi. Hunyonya tawi hadi likauke. Kata tawi lenyewe chini ya mahali kimelea kilipojishika, kwa kuwa ukikivunja tu kitachipua tena.

Matunda yanaanguka au yana madoa

Vitunda vidogo vinavyoanguka katika miezi miwili ya kwanza ni mti unaopunguza mzigo wake. Yakianguka matunda makubwa, yaokote na uyapasue. Yasipokuwa na tundu wala funza, chunguza maji: udongo wa Nakuru hukauka upesi na unahitaji kumwagiliwa mara nyingi, ule wa Kano hukaa na maji muda mrefu, na kuachwa mti ukiwa na kiu kwa wiki tatu kisha kuumwagia maji mengi ghafla huangusha matunda kote kuwili. Mche wa mwaka wa kwanza na wa pili unahitaji takribani mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, ukipunguza katika udongo mzito.

Yakiwa na tundu lenye unga mweupe na kiwavi wa rangi ya waridi ndani, ni nondo. Yakiwa na funza weupe wengi, ni nzi wa matunda, ambaye aina yake sumbufu zaidi, Bactrocera dorsalis, iligunduliwa nchini Kenya mwaka wa 2003. Kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani, usafi hufaa kuliko dawa: okota kila tunda lililoanguka, kila siku, uyafunge kwenye mfuko imara mweusi na kuuacha juani kwa wiki moja, au uyafukie kwa kina cha nusu mita na zaidi. Kuyatupa kwenye rundo la taka nyuma ya nyumba ni kuwalea wadudu hao. Tumbili wa Kisumu na Kakamega, na nyani wanaotoka Mbuga ya Ziwa Nakuru, huacha matunda yaliyoumwa mara moja na kutupwa. Hapo kuchuma mapema matunda yaliyokomaa ndiko kunakosaidia.

Madoa madogo ya kahawia yenye pembe na duara la manjano kwenye majani, yanayogeuka mashimo meusi yenye nyufa kwenye tunda, ni ugonjwa wa kuvu unaopenda mvua za Kakamega na Vihiga. Punguza matawi ili upepo upite, ondoa matawi makavu, na upulizie dawa yenye shaba kabla ya mvua kukolea. Makovu yaliyo upande mmoja tu wa matunda yote ni ya mvua ya mawe, na hayahitaji tiba.

Tunda limechumwa lakini haliivi vizuri

Parachichi haliivi likiwa mtini. Huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa, hunyauka ganda, likawa kama mpira, au likalainika na kuwa na ladha ya maji. Jaribio la kuaminika ni kuchuma matunda mawili makubwa na kuyaweka ndani ya nyumba: yakilainika sawasawa ndani ya siku 7 hadi 10 bila kukunjamana, mengine yako tayari. Likiachwa mtini kupita kiasi, nyama hupata weusi na kokwa huanza kuota ndani. Kata kikonyo kwa mkasi ukiacha kipande kifupi, kwa sababu tunda lililong'olewa huoza kuanzia hapo, na lile lililoangushwa kwa fimbo huonyesha michubuko yake siku ya kulila.

Mti wa kung'olewa

Mti uliopoteza zaidi ya nusu ya kivuli chake kwa kuoza mizizi, usio na mizizi midogo hai popote unapofukua, hauna budi kung'olewa. Toa mizizi mikubwa uichome, uoshe jembe na viatu kabla ya kwenda kwenye mti mwingine, na usipande mparachichi wala makadamia mahali hapo, kwa kuwa kimelea hubaki udongoni miaka mingi na makadamia nayo hushambuliwa. Kisumu, mwembe uliowekwa juu ya tuta unafaa nafasi hiyo. Kwingineko penye joto la kutosha, shina la ndizi litafaa, nalo litatoa majani ya kutandaza chini ya mparachichi mpya utakaoupanda upande wa pili wa ploti, mahali palipo juu zaidi.